Nusu ya Nyuma

Swedi alisimama mbele ya vijana wa mtaa wetu wa Buyenzi, kofia nyeupe kichwani, kipaza sauti mkononi, akawaambia kwamba alipokuwa na miaka ishirini na mbili kampuni kubwa ya mjini ilimpa kazi na yeye akaikataa. "Mutihani tulifanya watu wengi," alisema, "na mi nilikuwa wa kwanza. Wakaniletea kontra nisaini. Nikawaambia apana, asanteni, mi siwezi kuamka juu ya kengele ya mutu mwingine." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Binti mmoja aliyekaa mbele yangu akayaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Mimi nilikuwa safu ya mwisho, karibu na mlango, magoti yananiuma, na damu ikanipanda kichwani mpaka masikio yakaziba. Maana aliyekuwa wa kwanza katika mtihani ule ni mimi. Aliyeikataa kontra ile ni mimi, Jumaine. Na aliyekwenda kuisaini, akaifanyia kazi miaka ishirini na sita mpaka akastaafu na pensheni yake, ni yeye Swedi. Kazi yangu aliichukua zamani, hilo nilikuwa nimekwisha kulimeza. Sasa amekuja kuchukua hata kukataa kwangu! Nilitoka nje kabla ya chai na sambusa kuletwa, mimi ambaye sambusa sizikatai.

Sina ugomvi na vijana wale. Wanafundishwa habari ya feza ya usingizi, ile inayoingia mfukoni wakati mwenyewe umelala: nyumba za kupangisha, pikipiki za kukodisha, na mambo mengine ya kwenye simu ambayo siyaelewi. Wanadhani ni elimu mpya. Lo! Sisi tulikuwa tunaizungumza Buyenzi kabla mama zao hawajazaliwa, tena tukiwa tumelala chali chini ya magari. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyojifunza ufundi sitaziandika hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na mbili, kwa sababu nikifa bila kuuandika, utabaki kama Swedi anavyousimulia.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, mimi na yeye, avenyu ya tisa, uani kwa Mama Aziza, mjane aliyekuwa akiwapikia mafundi. Ndani mlikuwa na magodoro mawili, ndoo ya maji, msumari mmoja wa nguo zake na mmoja wa nguo zangu, na kiti cha nyuma cha Peugeot tulichokifanya kochi la wageni. Chumba kilinuka petroli. Mama Aziza alikuwa akisema hatathubutu kuwasha kiberiti karibu na mashati yetu. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na chapati ya jana iliyopashwa moto, mchana tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na lengalenga, mchicha wa kwetu, zilizopikwa kwa mawese. Swedi alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashindwa kumchukia sawasawa. Ndagala wakibaki wachache kwenye sahani, aliwasukuma upande wangu kwa kidole, kimya kimya, akajifanya ameshiba. Hakuna siku hata moja aliyokula yeye ndagala wa mwisho. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamwekea ulinzi gani?

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mwembamba, na upande wa pili alikaa Gaspari, karani wa serikali, Mkristo aliyetoka mkoa wa Ngozi, mpole kupita kiasi. Alipiga pasi shati lake kila asubuhi na kuondoka kwa miguu, viatu vinang'aa. Mkewe, Mama Deo, hakuwa mpole hata kidogo. Kirundi chao tulikisikia neno kwa neno. "Huu mwezi una siku ngapi, Gaspari? Mbona hauishi?" Tulicheka mpaka tukajiziba midomo kwa mito. Lakini Swedi hakuishia kucheka. Yeye aliyachukua maneno ya Mama Deo akayafanya hotuba. "Unamusikia Gaspari?" aliniambia. "Ndiyo mushahara huo. Mutu amesoma miaka kumi na mbili ili bibi yake amulilie juu ya sukari. Mi nataka feza inifuate, apana mi kuifuata." Alikuwa anajua kusema, Swedi. Hakupandisha sauti, hakubishana, alikuwa anaweka neno lake na kukuachia ulitazame. Mimi nilikuwa nalala nikilitazama.

Kisha ukaja mtihani. Kampuni ile, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na kamyo nyingi, yaani malori, na karakana yake upande wa viwandani, na ilikuwa inatafuta fundi mmoja wa injini za mazuti, yaani dizeli. Tulikwenda wote wawili. Nakumbuka sakafu ya saruji, safi kuliko meza ya kwetu, na ukutani spana zimetundikwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi, ukiitoa pengo linaonekana. Nilizipenda zile spana, sioni aibu kusema. Tuliingizwa mmoja mmoja kwenye kamyo iliyokataa kuwaka. Nilipofika zamu yangu niliisikiliza, nikajua imevuta hewa, nikalegeza nati, nikapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, na kamyo ikanguruma. Shefu, mkuu wa karakana, mzee mwenye miwani, alinishika mkono wenye mafuta bila kuuogopa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni akaniita bironi, ofisini kwake, akaniambia, "Wewe ni wa kwanza. Jumatatu saa moja uje usaini. Usipokuja, nitamwita wa pili." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nikamuuliza Swedi yeye amekuwa wa ngapi. "Mi?" akacheka. "Mi walinitupa, ndugu yangu. Mi hata ile pampu sikuiona iko wapi."

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini? Nilimhurumia hata. Nikanunua nyama tukachoma, kumpoza yeye aliyekosa. Na ni kwenye nyama ile ndipo alipoanza. Hakuniambia usiende. Aliniuliza tu, "Jumaine, utaamka saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja, kwa kuwa ni mbali kwa miguu. "Mpaka lini?" Sikujua mpaka lini. "Na ukiumwa mugongo?" Akaendelea hivyo Ijumaa yote, Jumamosi yote. Kwenye yadi ya vyuma kulikuwa na Corolla mbili zilizopata ajali, moja imegongwa nyuma na kamyo, nyingine imeingia ukutani kwa mbele. Tuzinunue, alisema, kila mtu moja, kwa akiba yake. Tuzikate katikati, tuchukue mbele nzima ya hii na nyuma nzima ya ile, tuziunge, tutoe teksi. Tumpe dereva. Sisi tukae. "Gari itafanya kazi, mi na we tutalala. We iko na mikono, mi niko na maneno ya kutafuta wateja. Mikono kama yako unaenda kuiuza kwa kengele?" Kazi ya namna hiyo, kuunga gari mbili ziwe moja, Buyenzi tulikuwa tunaifanya vizuri kuliko mahali popote ninapopajua, na alipolisifu hilo alikuwa amenishika pale hasa ninapojisifia mwenyewe.

Jumapili nilimkuta Gaspari kwenye bomba la uani anachota maji, nikamwomba ushauri. Aliweka ndoo chini. "Saini, Jumaine. Mushahara wangu ni mudogo, unasikia kila siku Mama Deo anavyonisema, najua munasikia. Lakini mwaka jana nililazwa hospitali wiki tano. Sikuwa najitambua. Na mushahara ulifika." Nikaenda kumwambia Swedi kama kichekesho, kwamba Gaspari anajisifia kuugua. Tukacheka wote. Miaka mingi ilipita ndipo nilipoelewa kwamba feza ya usingizi niliyokuwa naitafuta ndiyo ile, mtu amelala hajitambui na feza imefika, na aliyenieleza alikuwa amesimama mbele yangu na ndoo. Leo nikisikia vijana wanaambiwa mshahara ni utumwa, natamani Gaspari angekuwepo. Siwaambii wakatae biashara, mimi mwenyewe nimekula kwa jasho la biashara maisha yangu yote. Nasema tu kwamba anayekusifia njia, mtazame yeye anapita wapi.

Jumatatu saa moja asubuhi sikuwa kwenye kampuni. Nilikuwa kwenye yadi ya vyuma, natazama Corolla mbili zilizokufa. Swedi aliniambia, "We baki hapa uzikague. Acha mi nipite kule niwaambie hutakuja, isiwe aibu. Yule mzee alikuheshimu." Nikaona ni adabu njema. Nikamshukuru! Alirudi saa nne, ananuka jasho la kutembea, akanipiga begani. "Wamesikitika kabisa," akasema. "Bon, patroni, chagua gari lako." Na mimi nikachagua. Nikachukua ile ambayo nyuma yake ilikuwa nzima, buti imenyooka, kiti hakijachanika. Nilikuwa na hesabu yangu ya kijinga ambayo niliiona ya akili sana: abiria wa teksi hukaa nyuma, kwa hiyo feza ya teksi iko nyuma. Nikamwambia hivyo, najisifu. Swedi alicheka mpaka machozi. "We iko mujanja, Jumaine. Haya, mi nitachukua mbele."

Tulifanya kazi ile miezi mitatu kwenye kona ya garaji ya Mzee Bakari, aliyetuachia nafasi kwa sababu nilikuwa fundi wake. Nilisema tulifanya. Mimi nilifanya. Swedi alikuwa amepata kibarua Kibenga, ndivyo alivyoniambia, kutengeneza pampu za maji za tajiri mmoja kando ya ziwa, na alikuwa anaondoka alfajiri. Kila alichopata alileta sehemu kununua rangi na gesi ya kuchomelea, kwa hiyo nilimwona mwenzangu wa kweli. Mimi ndiye niliyekata vyuma, nikachomelea sakafu na nguzo, nikapiga msasa mshono mpaka ukipitisha kiganja huuhisi. Injini ya nusu yake ilikuwa imekufa, nikaifufua kwa mikono yangu hii, kipande kwa kipande. Ilikuwa Ramadhani gari lilipowaka. Mama Aziza alitoka na sahani ya tambi za futari, akalizunguka mara mbili, akauliza, "Mumeunga wapi?" Hakupaona. Mzee Bakari hakupaona. Furaha niliyoisikia siku ile sijaipata tena, hata siku nilipooa, na marehemu mke wangu anisamehe.

Tulimpa dereva, mzee mwenye busara barabarani, na kila jioni alileta sehemu yetu. Nililala mchana makusudi, jamani, ili tu nihisi ikoje kulala na feza inakuja. Naona haya kuandika, lakini nilikaa kwenye kile kiti cha Peugeot, miguu juu ya ndoo, nikamsikiliza Gaspari anapiga pasi shati lake nikamwonea huruma. Kitu kimoja tu kilinishangaza wakati ule. Swedi alikuwa anarudi na mikono safi. Mafuta ya injini huingia kwenye kucha na hayatoki, sisi sote tulikuwa na mikono myeusi mpaka kwenye harusi. Yeye alirudi ananukia sabuni, kucha nyeupe. Nikamtania kwamba amepata mwanamke wa Kibenga anayemwogesha. "Inshallah tutamuona shemeji," nikasema, na Mama Aziza akapiga kigelegele. Swedi akatabasamu, akanisukumia ndagala waliobaki.

Nilimkuta Swedi mtaa wa Jabe, saa tano asubuhi, karibu na soko. Nilikuwa nimeenda kununua kitunguu na nyanya kwa Mama Aziza. Kamyo ilikuwa imeharibika katikati ya njia, wauza viazi wanaizunguka wanatukana, na chini yake miguu ya fundi imetokeza, ovaroli ya buluu, viatu vya ngozi vya kazi. Mkono ukatoka uvunguni. "Mutu aniletee spana kumi na ine!" Mafundi tuna ugonjwa huo, ukisikia spana inaitwa unaitafuta kabla hujafikiri. Niliinama kwenye sanduku, nikachukua kumi na nne, nikaiweka kwenye kile kiganja. Ndipo nikaona sanduku lina jina la kampuni, lile ninalokataa kulitaja, na ndani yake kopo la ile sabuni ya kutoa mafuta kwenye kucha. Ndipo nikaisikia ile sauti vizuri. Nikakaa pale pale chini, na mfuko wa nyanya mapajani. Alipotoka akaniona, hakustuka kama nilivyotaka astuke. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Jumaine," akasema. "Tutaongea nyumbani."

"Ulikuwa wa pili," nikamwambia. Sikujua kama nalijua jambo hilo mpaka lilipotoka mdomoni.

"Nilikuwa wa pili."

"Ulikwenda kuniombea radhi ukasaini."

"We uliitupa, mi niliokota." Aliangalia pembeni, wauza viazi walikuwa wanasikiliza. "Nani alikufunga mukono? Mi nilikupa mawazo yangu. Mawazo si kamba."

Nilimrushia nyanya. Ndiyo, nyanya, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, moja baada ya nyingine, na watu wa soko wakashangilia, na hakujikinga. Halafu nikaenda nyumbani nikalia kwenye godoro, na Mama Deo, upande wa pili wa ukuta, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, akanyamaza kimya.

Bado nilikuwa na gari, nikajipa moyo. Kazi imekwenda, gari lipo, nusu yangu ipo. Swedi alihama chumba wiki ile ile. Mwezi ulipoisha dereva akaja kwa miguu, ananiita mzee ingawa yeye ndiye aliyekuwa mzee, akaniambia gari limeuzwa kwa mfanyabiashara wa Gitega, kwani sijaambiwa? Nikakimbia kwenye ofisi ya magari. Karani alikuwa mtu wa heshima, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba gari ni namba ya shasi, kwamba namba ya shasi ya Corolla imegongwa kwenye bati lililo nyuma ya injini, kwamba bati hilo liko mbele, na karti rozi, ile karatasi ya umiliki, imeandikwa jina la mwenye namba. "Wewe uko na nini?" akaniuliza. Nikamjibu ukweli mbele ya foleni nzima: "Niko na nusu ya nyuma." Walicheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka. Nilikuwa fundi! Namba ile niliipiga brashi kwa mkono wangu mwenyewe ili isomeke vizuri siku ya ukaguzi. Nilijua iko wapi. Sikuwahi kufikiri kwamba kati ya mimi na yeye kuna siku namba ingehitajika. Watu wa Buyenzi walinitania miaka miwili, nikipita wanaita, "Nusu ya nyuma, habari ya leo?"

Mengine niliyapata kwa kusikia. Feza ya gari ilimnunulia kiwanja Kibenga, wakati ule majani na mbu. Mshahara ndio uliomjengea, maana benki haimkopeshi mtu asiye na mshahara, humkopesha yule ambaye mwisho wa mwezi anajulikana. Akajenga chumba, akapangisha, akajenga kingine. Feza yake ya usingizi ilitoka kwenye kengele ya asubuhi, miaka ishirini na sita ya kengele, na hilo ndilo asilowaambia vijana. Mimi nilifungua garaji yangu, bati nne na shimo, nikala, nikalea, nikazika. Mwaka jana magoti yalikataa. Sasa siwezi kuingia chini ya gari, na fundi asiyeingia chini ya gari anakaa kwenye benchi na kusimulia.

Siku tatu baada ya mkutano ule wa vijana Swedi alinitumia gari la kunichukua. Nikaapa siendi, nikavaa kanzu, nikaenda. Alinipokea Kibenga kwenye baraza, amenona, anapumua kwa shida, akanikumbatia kwa nguvu mpaka kofia yangu ikaanguka. Mkewe alileta mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ndizi. Niliviacha vipoe. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini kwa heshima ya mke wake, kwamba wa kwanza nilikuwa mimi, aliyekataa ni mimi, na yeye ndiye aliyesaini. Nilisubiri abishe, nilikuwa na majibu ya miaka arobaini. Hakubisha. Alinitazama kwa macho ya huruma, akaniwekea mkono juu ya goti lile bovu.

"Jumaine, ndugu yangu, uzee huo," akasema. "Tulikataa wote. Mi na we. Si tulikuwa kwenye yadi ya vyuma pamoja asubuhi ile? Kampuni niliingia baadaye, shida zilinisukuma." Na nikaona, wallahi, kwamba hasemi uongo. Uongo ule ameusema muda mrefu mpaka umekuwa nyumba anayokaa, na yeye mwenyewe anauamini. Hasira yangu ilikosa mtu wa kuikabidhi. Mtu niliyekuwa namdai hayupo tena, aliyepo ni mzee huyu mwema anayenionea huruma.

"We iko unateseka bure pale Buyenzi," akaendelea. "Mi niko na nyumba kumi na moja za kupangisha, na wapangaji wananisumbua, leo bomba, kesho umeme. Mi namuamini nani? Njoo unisimamie. Chumba nitakupa, na mushahara, kila mwisho wa mwezi, hata ukiumwa."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya Jabe, nimeyanoa, nimeyabeba kwenye kila kazi na kila msiba. Nikafungua mdomo kuyasema. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamuuliza, "Kwa mwezi ni ngapi?"